Kemia kwa njia ya intaneti: msaada kwa wanafunzi wetu wa darasa la tano na la sita



Katika shule zetu nyingi za sekondari, mwanafunzi wa biokimia anaweza kufika mwisho wa darasa la sita bila kushika bireti hata siku moja. Ameona mchoro wake ubaoni, ameunakili katika daftari, na kwenye Examen d'État ataulizwa swali juu yake. Maabara haipo, au ipo lakini chupa zake ni tupu. Mwalimu wa kemia pengine ni mmoja kwa shule mbili. Tena miaka hii masomo yamekatika mara nyingi. Machi 2020 shule za nchi nzima zilifungwa kwa sababu ya Covid-19. Mei 2021 Nyiragongo ililipuka na watu wa Goma wakakimbia. Mwanzoni mwa 2025 vita vilifunga milango ya shule za Goma, kisha za Bukavu. Kila mara programu ya mwaka inabaki vile ilivyo, lakini siku za kuifundisha zinapungua.

Ndiyo sababu vijana wengi wamegeukia simu. Wanatafuta masomo ya kemia kwenye intaneti na kuyafuata peke yao usiku, mega zikipatikana. Wazazi wanatuuliza: je, huyu mtoto anasoma kweli, au anacheza? Ni swali la haki, na jibu linategemea namna anavyosoma. Sisi tulisoma teolojia, hatukusoma kemia. Lakini tumeketi na walimu wa somo hili na wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani, na tunapenda kuwaeleza masomo haya yanatoa nini, yanapungukiwa nini, na kanisa la mahali linaweza kufanya nini.

Kwa nini kemia inatuhusu sisi sote

Mzazi anaweza kufikiri kwamba kemia ni jambo la wale wanaotaka kuwa madaktari. Tukumbuke wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020. Mbele ya vituo vya afya palikuwa na maji ya klorini ya aina mbili: ya asilimia 0,05 kwa kunawa mikono, na ya asilimia 0,5 kwa kusafisha vyombo na sakafu. Kutoka maji makali kupata yale ya mikono ni hesabu ya kemia. Ukitaka lita 20 za asilimia 0,05, unachukua lita 2 za asilimia 0,5 na kuongeza lita 18 za maji safi, kwa sababu nguvu inapaswa kupungua mara kumi. Aliyekosea upande mmoja alichoma ngozi za watu. Aliyekosea upande wa pili aliwapa maji yasiyoua kirusi.

Au tuangalie mazuku. Wakaaji wa Goma na Sake wanazijua sehemu za bondeni ambapo mbuzi huanguka na kufa bila kidonda, na wakati mwingine mtoto pia. Jina ni letu la Kiswahili, na wataalamu wa volkano duniani wanalitumia hivyo hivyo. Kinachoua pale ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Mwanafunzi wa kemia anaweza kueleza kwa nini inakaa chini. Moli moja ya kaboni dioksidi ina gramu 44, na moli moja ya hewa ya kawaida ina gramu 29 hivi. Gesi zote mbili zikiwa katika joto na mgandamizo ule ule, moli moja ya kila moja inachukua nafasi sawa. Basi kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu. Inatiririka kuelekea mashimoni kama maji, na usiku bila upepo inajikusanya. Mtu mzima anapita akiwa amesimama, mtoto aliyeinama kuokota kuni anaivuta. Kijana aliyeelewa hesabu ya 44 na 29 atawaambia wadogo zake wasishuke kwenye shimo lile asubuhi na mapema, na atajua kwa nini anawaambia.

Mahali ambapo masomo ya intaneti yana nguvu

Walimu walituonyesha kwamba kemia ina ngazi tatu. Ya kwanza ni kile jicho linaona: chumvi inapotea katika maji. Ya pili ni kile jicho haliwezi kuona: chembe za sodiamu na za kloridi zinaachana, na molekuli za maji zinazizunguka. Ya tatu ni alama tunazoandika: NaCl inakuwa Na⁺ na Cl⁻. Ubao na chaki vinafundisha ngazi ya tatu vizuri. Ya kwanza inahitaji maabara. Ya pili ni ngumu kuliko zote kuifundisha kwa maneno, na wanafunzi wengi wanakariri alama bila kuona chochote nyuma yake.

Hapa ndipo picha zinazotembea zinasaidia sana. Mwanafunzi anaona chembe zikigongana, joto likipanda zikikimbia zaidi, mgandamizo ukiongezeka zikikaribiana. Anaweza kusimamisha, kurudi nyuma, na kuangalia tena mara tano bila kumchosha mwalimu na bila kuonewa haya na wenzake.

Kati ya vyanzo vya bure, vitatu vinafaa kujulikana. Khan Academy ni shirika lisilotafuta faida la Marekani, lililoanzishwa na Salman Khan. Lina video fupi na mazoezi, sehemu yake ya Kifaransa ipo, ingawa ile ya Kiingereza ni pana zaidi. PhET ni mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa tuzo ya Nobel ya fizikia. PhET haitoi video, inatoa majaribio ya kuigiza: mwanafunzi mwenyewe anaongeza asidi, anaangalia pH ikishuka, anasawazisha mlinganyo mpaka atomu za pande mbili zilingane. Mengi ya majaribio hayo yapo kwa Kifaransa, na baadhi kwa Kiswahili, na yanaweza kushushwa yakatumika bila intaneti. Cha tatu ni Kolibri, programu iliyotengenezwa kwa ajili ya sehemu zisizo na mtandao. Kompyuta moja ndogo inabeba maelfu ya masomo, yakiwemo ya Khan Academy na PhET, na simu zilizo karibu zinayasoma kwa Wi-Fi ya ndani bila kula mega hata moja.

Mahali ambapo yanadanganya

Tunapenda kusema jambo hili wazi, kwa sababu ndilo linaloangusha wengi. Video nzuri humpa mtazamaji hisia ya kuelewa. Mwalimu wa kwenye kioo anaeleza taratibu, kila hatua inaonekana nyepesi, na mwishoni mwanafunzi anasema, «Nimeelewa.» Umpe swali lile lile kesho yake kwenye karatasi tupu, hajui aanzie wapi. Alifuata njia ya mtu mwingine, hakutembea.

Dawa ni kalamu. Tuchukue swali moja la kawaida: gramu 25 za mawe safi ya chokaa, CaCO₃, zinachomwa mpaka zote zigeuke. Kaboni dioksidi inayotoka ni lita ngapi katika hali ya kawaida?

Kwanza, mwanafunzi asimamishe video mara tu swali linaposomwa, kabla ya jibu. Aandike mlinganyo mwenyewe: CaCO₃ inatoa CaO na CO₂.

Pili, ahesabu uzito wa moli moja: kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni tatu za 16, jumla 100. Gramu 25 kugawa kwa 100 ni moli 0,25.

Tatu, asome mlinganyo: moli moja ya jiwe inatoa moli moja ya gesi. Basi gesi ni moli 0,25. Katika nyuzi 0 na mgandamizo wa atmosfia 1, moli moja ya gesi ni lita 22,4. Jibu ni lita 5,6.

Nne, ajihakikishe kwa njia nyingine. Moli 0,25 za CaO ni gramu 14, na moli 0,25 za CO₂ ni gramu 11. Ukijumlisha, 14 na 11 ni 25, sawa na uzito wa mwanzo. Hakuna kilichopotea, kwa hiyo hesabu imesimama.

Tano, baada ya hapo tu afungue video na kulinganisha. Kama amekosea, aandike kosa lenyewe kwenye daftari, si jibu sahihi peke yake.

Somo la dakika kumi likifuatwa hivi linachukua saa moja. Wazazi, mkimkuta kijana na simu lakini hana daftari wala kalamu, mna haki ya kuuliza. Mkimkuta amesimamisha picha na anaandika, mwacheni, anafanya kazi.

Mtihani ni wetu, video si yetu

Video nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mitihani ya nchi nyingine, na tofauti ndogo zinaweza kumnyima mwanafunzi pointi ambazo alistahili.

Turudi kwenye swali la chokaa. Mwanafunzi anayefuata masomo ya Uingereza atasikia kwamba moli moja ya gesi ni lita 24. Hilo si kosa: wao wanahesabu katika joto la chumba, na sisi kwa kawaida tunahesabu katika nyuzi 0. Lakini kwa lita 24 jibu linakuwa 6,0 badala ya 5,6. Mtihani wetu unampa mwanafunzi majibu kadhaa ya kuchagua, na ni rahisi majibu yote mawili kuwepo kwenye orodha. Basi sheria ni hii: soma kwanza swali linataja hali gani, kisha chagua namba.

Tofauti ya pili ni normaliti. Walimu wetu wanaifundisha pamoja na molariti, na inakuja kwenye mazoezi ya dozaji. Masomo mengi mapya ya nje yameiacha kabisa. Mwanafunzi anayetegemea simu peke yake hataikuta. Mfano ni asidi ya sulfuriki, H₂SO₄, ambayo moli yake ni gramu 98. Ukiweka gramu 49 katika lita moja ya myeyusho, una molariti ya 0,5. Lakini kila molekuli inatoa hidrojeni mbili, kwa hiyo normaliti ni 1. Anayechanganya mambo hayo mawili atakosea mara mbili kamili.

Ya tatu ni lugha na uandishi. Mtihani wetu ni kwa Kifaransa. Anayesoma kwa Kiingereza aandike pembeni ya daftari jina la Kifaransa la kila neno jipya. Na akumbuke kwamba nukta ya Waingereza katika namba ni mkato kwetu: 22.4 yao ndiyo 22,4 yetu.

Kwa sababu hizo, daftari la mwalimu na maswali ya miaka iliyopita ndiyo yaongoze, na intaneti ifuate. Mwanafunzi aanze na kichwa cha somo alichopewa shuleni, atafute video ya kichwa hicho tu, kisha arudi kwenye maswali ya mtihani wetu. Anayeanza na simu atapelekwa na simu.

Maabara iliyo mlangoni petu

Hakuna kioo kitakachomfundisha kijana kumimina tone kwa tone mpaka rangi ibadilike. Hilo linahitaji mkono, na shule zinapaswa kuendelea kutafuta vyombo. Hata hivyo kuna mambo ambayo nyumba zetu zinaweza kutoa.

Chukueni maua mekundu ya hibiskasi, myachemshe, mpate maji yenye rangi. Gaweni katika glasi tatu. Glasi moja iongezwe maji ya limau: rangi inakuwa nyekundu zaidi. Nyingine iongezwe maji yaliyochujwa kwenye majivu ya kuni: rangi inageuka kuelekea kijani. Ya tatu ibaki kwa kulinganisha. Limau ni asidi, majivu yana besi, na mama zetu waliotumia maji ya majivu kulainisha maharage au sombe walikuwa wanafanya kemia. Baada ya kuona hayo, mwanafunzi akifungua jaribio la pH la PhET, namba zinapata maana.

Mfano mkubwa zaidi uko chini ya macho ya Goma na Bukavu. Maji ya chini ya Ziwa Kivu yanashikilia takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za metani. Zinabaki zimeyeyuka kwa sababu ya uzito wa maji yaliyo juu yake, sawa na gesi ndani ya chupa ya soda kabla ya kufunguliwa. Mgandamizo ukipungua, gesi inatoka. Mwaka 1986 kaboni dioksidi ilitoka kwa ghafula katika ziwa Nyos huko Kameruni, ikaua watu wapatao 1.700. Upande wa Rwanda, kituo cha KivuWatt karibu na Karongi kinatoa metani ziwani na kutengeneza umeme wa megawati 26. Sheria ya gesi kuyeyuka kwa mgandamizo, ambayo kijana anaikuta kwenye video kama mstari mmoja wa alama, ni habari ya maisha ya mamilioni ya watu wanaoishi kandokando ya ziwa hili.

Onyo moja tunaliweka wazi. Mwanafunzi asijaribu nyumbani kila anachoona kwenye simu. Javel isichanganywe kamwe na siki, limau au dawa ya kusafishia choo, kwa sababu inatoa gesi ya klorini inayoharibu mapafu. Petroli na alkoholi zisikaribishwe kwenye moto. Na makala yasiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa ajili ya jaribio, kwa sababu monoksidi ya kaboni haina harufu na inaua waliolala.

Kanisa la mahali lifanye nini

Kijana mmoja na simu moja, usiku, bila umeme, anachoka haraka. Kundi la vijana wanane linasimama. Parwasi nyingi zina vitu vinavyohitajika tayari: chumba kilicho tupu siku za juma, benchi, ubao wa shule ya Jumapili, na mara nyingi paneli ya jua na batri ya vyombo vya muziki.

Tunapendekeza mpango mwepesi. Mtu mmoja anayefika mjini ashushe masomo ya juma zima mahali palipo na mtandao mzuri, akichagua picha za ubora wa chini. Maandishi ya ubaoni bado yatasomeka, na mega zitatosha mara nyingi zaidi. Vijana wapeane masomo kwa Bluetooth, wasinunue kila mmoja. Wakutane mara mbili kwa juma: siku ya kwanza waangalie na kuandika, siku ya pili wafanye maswali bila simu mezani, kila mmoja akieleza swali moja ubaoni. Anayeweza kueleza kwa Kiswahili kile alichosikia kwa Kifaransa, huyo ameelewa.

Katika ushirika wetu kuna wauguzi, watu wa maabara za hospitali, wauzaji wa dawa waliosoma farmasia, na walimu waliostaafu. Wengi wao hawajawahi kuulizwa. Muuguzi akija Jumamosi moja kwa mwezi na kueleza kwa nini seramu ina gramu 9 za chumvi kwa lita, atawafundisha mkusanyiko wa myeyusho kuliko video yoyote.

Tuwakumbuke wasichana kwa namna ya pekee. Msichana anayerudi shuleni na kuanza kuchota maji, kupika na kulea wadogo hafiki kwenye kundi la saa kumi na moja. Akina baba na akina mama, mkimpa saa mbili mara mbili kwa juma, na kundi likifunga kabla ya giza ili arudi salama, mmempa nafasi ambayo hakuna simu inayoweza kumpa.

Mwisho, tuwaonye vijana kuhusu biashara ya majibu. Kila mwaka kabla ya Examen d'État, ujumbe unazunguka kwenye simu ukiahidi majibu kwa pesa. Walio wengi wanauza uongo, na hata ambaye si mwongo anauza aibu. Simu hairuhusiwi ndani ya chumba cha mtihani. Siku ile mwanafunzi ataingia na kalamu, na kile ambacho mkono wake umezoea kufanya. Ikiwa miezi yote alisimamisha video na kuandika, atajua pa kuanzia.

Wazee wa kanisa wanaotaka kuanza wasingoje kompyuta. Waanze na chumba, ubao, na maswali ya mwaka uliopita, juma hili. Bwana awatie nguvu wanafunzi wetu wote wanaojiandaa, na walimu wao waliobaki kazini katika siku ngumu.